Upepo wa Ziwa Kivu: kwa nini boti inapinduka, na musafiri anaweza kufanya nini

Watu wengi wa Goma wanakumbuka pahali walikuwa tarehe 3 mwezi wa kumi mwaka 2024. Ilikuwa siku ya ine ya juma. Boti Merdi, iliyotoka Minova katika Kivu ya Kusini, ilikuwa imebakiza kidogo tu kufika Kituku. Kwenye ufuo watu walikuwa wanaiona ikikaribia. Iliinama upande mumoja, ikapinduka mbele ya macho yao. Siku ile ile gavana wa Kivu ya Kusini alitangaza kwamba mulikuwa watu 278 ndani, na kwamba 78 wamekufa. Hesabu zilizotolewa nyuma hazikulingana na ile ya kwanza.

Kwa nini watu wengi hivyo walikuwa ku ziwa? Kwa sababu barabara ya Goma, Sake na Minova ilikuwa imekatwa na mapigano tangu mwanzo wa mwaka ule. Mwenye alitaka kufikisha ndizi, muhogo, maharagi ao mutoto mugonjwa Goma, njia yake ilibaki maji.

Tangu siku ile, kila upepo ukiamuka kisha saa sita za muchana, watu wanaulizana Kituku, Kalehe na Idjwi: ni upepo ndio unatumaliza? Jibu la kweli ni hili: upepo una sehemu yake, lakini mara nyingi unakuja wa mwisho. Unaikuta boti imekwisha kuharibiwa usawa wake bandarini, wakati wa kupakia. Ukielewa hilo, unaweza kuitazama boti mbele ya kupanda na kujua kama itakufikisha.

Boti ni kama chukudu

Kila mutu wa Goma amekwisha kuona chukudu ikishuka na makala. Mwenye chukudu mwenye akili anaweka magunia mazito chini, karibu na mbao, na anayafunga. Akiyapandisha juu sana, kona moja tu ao jiwe moja la volkano linatosha: chukudu inalala. Mizigo ni ile ile na njia ni ile ile. Kilichobadilika ni pahali uzito unakaa.

Boti ni vile vile. Uzito wake wote unaivuta chini, na maji yanaisukuma juu. Wimbi ao upepo ukiiinamisha, upande ulioingia zaidi ndani ya maji unasukumwa juu kwa nguvu zaidi, na boti inarudi kusimama. Ndiyo sababu mutumbwi mutupu unacheza-cheza lakini haulale. Lakini uzito ukiwa juu, boti ikiinama ule uzito nao unaelekea upande ule ule. Pahali pa kusaidia boti irudi, unaisukuma ianguke.

Kuna mambo matatu yanaondoa nguvu ya boti ya kujirudisha.

La kwanza ni uzito wa juu. Tufanye hesabu. Watu 50 wa kilo 60 kila mumoja ni tani 3. Wakikaa chini ndani ya boti, ni tani 3 za kuituliza. Wakisimama kwenye gorofa ya juu, ni tani 3 za kuiangusha. Na wakikimbia wote upande mumoja kuangalia kitu, ni tani 3 zinazotembea. Hakuna kapiteni anaweza kupambana na tani 3 zinazotembea.

La pili ni ukingo mufupi. Tazama umbali kati ya maji na ukingo wa boti. Mizigo ikiongezeka, boti inashuka, na umbali ule unapunguka. Boti yenye ukingo murefu inaweza kuinama sana na bado maji yasiingie. Boti iliyojaa mupaka maji yanakaribia kugusa ukingo, kuinama kidogo tu kunatosha. Ukingo ukisha kuingia chini ya maji, ziwa linamiminika ndani, na hapo hakuna tena kurudi.

La tatu ni maji yanayocheza ndani. Chukua sinia, weka maji kidogo, utembee nayo. Ukiinamisha kidogo, maji yote yanakimbilia upande ule na sinia inakutoka mukononi. Ndani ya boti ni vile vile. Bido 50 za litre 20 ni tani moja ya maji. Maji hayo yakitanda chini ya mbao bila kutolewa, kila boti inapoinama yanakimbilia upande wa kuanguka. Ndiyo maana kijana anayetoa maji kwa ndoo anafanya kazi ya lazima kama ya mwenye motere.

Upepo wa Kivu unatoka wapi

Ziwa letu liko karibu metre 1.460 juu ya bahari, na limezungukwa na milima: Mitumba upande wa mangaribi, vilima vya Rwanda upande wa mashariki, volkano za Virunga kaskazini. Muchana jua linapasha inchi kavu moto kuliko maji, na upepo unatoka ziwani kuelekea inchi kavu. Usiku hewa ya baridi inashuka kutoka milimani kwenda ziwani. Wavuvi wa sambaza wanaijua saa hiyo vizuri.

Upepo wa hatari zaidi ni ule wa mvua. Wingu kubwa jeusi likianza kumwaga, hewa ya baridi inaanguka kutoka juu pamoja na mvua, inapiga maji, kisha inatawanyika pande zote kwa mbio. Kwa hiyo upepo unafika mbele ya mvua yenyewe. Ukiona mvua ingali mbali upande wa Idjwi ao Kalehe, usiseme "bado iko mbali". Upepo wake unaweza kuwa umekwisha kukaribia, nawe ungali mukavu.

Tena nguvu ya upepo haiongezeki polepole. Mbio yake ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kusukuma inaongezeka mara ine. Ikiongezeka mara tatu, nguvu inakuwa mara tisa. Ule upepo uliokupepea vizuri asubuhi, jioni unaweza kuwa mukono wa kuangusha nyumba ya mbao. Na bashi lililofungwa juu ya boti ili watu wasilowe, likishushwa pande zote mupaka chini, linafanya kazi ya tanga: linashika upepo wote na kuinamisha boti.

Mawimbi nayo yanahitaji nafasi ya kukomaa. Ziwa Kivu lina urefu wa karibu kilometre 90 toka kaskazini hadi kusini. Upepo wa kusini ukipiga muda murefu, mawimbi yanakua yakija upande wa Goma. Isitoshe mawimbi ya ziwa yako mafupi na yamekaribiana kuliko yale ya bahari. Boti haipati muda wa kupumzika kati ya moja na lingine.

Hata meli za matajiri zinaujua upepo

Mutu anaweza kusema: "Ni mambo ya boti zetu za mbao, wazungu wana meli za chuma." Tazama basi mwezi wa tatu wa mwaka 2019, uliona mambo mawili.

Tarehe 3, meli kubwa ya matembezi inayoitwa Norwegian Escape ilikuwa imetoka New York, Marekani. Upepo wa gafula uliipiga kwa ubavu; kampuni yake ilisema ulifika karibu kilometre 185 kwa saa. Meli iliinama. Viti, meza na sahani viliteleza, watu kadhaa waliumia. Lakini ilijirudisha ikaendelea na safari. Kwa nini? Meli ile ni ndefu kwenda juu kama nyumba ya gorofa nyingi, lakini motere, mafuta na matanki ya maji viko chini kabisa. Uzito uko chini, kama makala ya yule mwenye chukudu mwenye akili.

Tarehe 23, kwenye pwani ya Norvege, meli Viking Sky yenye watu 1.373 ilikuwa ndani ya tufani. Mafuta ya kulainisha motere yalikuwa kidogo ndani ya matanki. Meli ilipotikisika sana, motere zilizimika. Meli isiyokuwa na motere haiwezi kuchagua namna ya kukutana na wimbi: inageuka na kuonyesha ubavu, na upepo unaisukuma kwenda kwenye mawe. Helikopta ziliondoa karibu watu 480, mumoja mumoja, mbele meli iingie bandarini. Hakuna aliyekufa.

Somo kwetu liko wazi. Ku ziwa Kivu hakuna helikopta inakuja. Motere moja nzee, bila ya pili ya kusaidia, ikizimika katikati ya mawimbi, boti inageuka ubavu. Kuuliza "Papa kapiteni, motere ya pili iko?" si kumutukana. Ni swali la mutu anayependa kufika.

Dakika za mwisho ndizo zinaua

Sasa turudi Kituku. Merdi haikuzamia katikati ya ziwa pahali hakuna mutu anaona. Ilizama ikifika. Na haikuwa ya kwanza kwetu Afrika ya Mashariki.

Tarehe 20 mwezi wa kenda mwaka 2018, kivuko MV Nyerere kilikuwa kinakaribia kisiwa cha Ukara, ku ziwa Victoria, Tanzania. Ilikuwa vilevile siku ya ine ya juma, siku ya soko. Kivuko kile kilijengwa kwa kubeba watu 101. Walikufa watu 228, na 41 waliokolewa. Kilipinduka metre chache tu mbele ya kufika, wakati watu walijisogeza upande mumoja wakijitayarisha kushuka.

Fikiri namna sisi wote tunafanya. Boti ikikaribia, kila mutu anasimama. Mama anatafuta beseni yake, mufanyabiashara anataka kuwa wa kwanza kushika mubebaji, vijana wanapanda ukingoni waruke. Wote wanaenda upande wa ufuo. Saa ile ile kapiteni anapunguza mbio na kugeuza, na boti inayogeuka inainama yenyewe. Kama imejaa kupita kiasi, kama mizigo iko juu, hata upepo mudogo unatosha kumaliza kazi.

Kwa hiyo kama kuna kitu kimoja cha kushika katika maneno haya yote, ni hiki: usisimame mupaka boti ifungwe kamba. Na ukiona wengine wanasimama, sema kwa sauti: "Bamama, bapapa, tukae chini! Boti haiyafungwa!" Afazali wakucheke.

Mambo ya kufanya

Mbele ya kupanda. Simama kwanza ufuoni, tazama. Ukingo uko juu ya maji kiasi gani? Boti imelala upande mumoja ingali bandarini? Mizigo mizito iko chini ao iko juu ya vichwa vya watu? Kuna wingu jeusi kusini? Kama majibu yanakutisha, ngoja boti ingine. Asubuhi mapema mara nyingi ziwa limetulia kuliko kisha saa sita za muchana.

Ukiisha kupanda. Vaa jile, usiikalie kama muto. Funga kamba zake zote. Jile isiyofungwa inakutoka kichwani ukianguka ndani ya maji. Kaa chini, si juu ya mizigo. Jua mulango ao nafasi ya wazi iliyo karibu nawe. Usijifungie ndani ya chumba cha chini kama ziwa limechafuka.

Mama mwenye mutoto mugongoni. Hili halisemwi sana. Jile imetengenezwa kumulaza mutu uso juu. Mutoto akiwa mugongoni kwa kitenge, mama ataelea na mutoto atakuwa chini ya maji. Kwa hiyo mulete mutoto mbele, kifuani, kitenge kifunguke kwa haraka, na umutafutie jile ya kipimo chake.

Upepo ukiamuka. Kapiteni mwenye kujua kazi anapunguza mbio na kukutanisha mudomo wa boti na mawimbi, kidogo kwa upande, bila kuonyesha ubavu. Anaweza kurudi nyuma, ao kujificha nyuma ya Idjwi mupaka upepo upite. Akifanya hivyo, tusimupigie kelele eti anatuchelewesha. Bashi lifunguliwe pande zake ili upepo upite. Watu wakae katikati na chini. Wenye kutoa maji watoe bila kukoma.

Boti ikipinduka. Achilia muzigo, viatu vizito na makoti. Usimushike mutu shingoni. Kama boti ingali inaelea hata miguu juu, bakia karibu nayo na uishike. Mutu mumoja anayeogelea kuelekea ufuo anachoka haraka na haonekani. Bido ya litre 20, tupu na iliyofungwa kifuniko vizuri, inaweza kumushikilia mutu muzima kichwa juu ya maji. Haichukue nafasi ya jile, lakini imepita kukosa kitu. Maji ya juu ya Kivu yana karibu nyuzi 23 ao 24: hayakuue mara moja kwa baridi kama ya Ulaya, yanakupa muda. Usiupoteze kwa kupiga kelele na kupigana na maji. Lala juu ya mugongo, pumua, subiri.

Musafiri haiko peke yake

Haitakuwa haki kumalizia hapo, kama vile musafiri ndiye mwenye kosa lote. Mama wa Minova mwenye ndizi za kuiva hana siku tatu za kungoja upepo utulie. Barabara ikifungwa, hana chaguo. Anaweza kutazama ukingo wa boti, kweli, lakini si yeye anaruhusu boti ifunguliwe kamba.

Mwezi wa ine 2019, kisha boti ingine kuzama ku ziwa hili hili upande wa Kalehe, Rais Félix Tshisekedi aliagiza jile ziwe lazima kwa kila musafiri. Miaka mitano na nusu nyuma, Merdi ilifika Kituku ikiwa imejaa. Agizo bila mutu wa kulisimamia bandarini linabaki karatasi. Jile moja kwa kila kichwa, ya mutoto na ya mukubwa, ni kazi ya mwenye boti. Kuhesabu watu na kukataa wa ziada ni kazi ya wasimamizi wa bandari, yeyote anayeongoza muji.

Na kuna kazi moja ndogo isiyoomba feza nyingi: karatasi ya majina. Tarehe 21 mwezi wa tano 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Ilikuwa meli ya kubeba watu 430. Orodha ilionyesha watu 443 wa darasa la kwanza na la pili. Wale wa darasa la tatu, wa tiketi ya bei ndogo, hawakuandikwa. Mamia ya watu walikufa, na hesabu yao inabishaniwa mupaka leo. Merdi vilevile: tulisikia hesabu hii, kisha ile. Nyuma ya hesabu hizo kuna jamaa ambazo haziwezi kuonyesha popote kwamba mutu wao alipanda boti siku ile.

Kwa hiyo ukilipa, omba jina lako liandikwe, na la mutoto wako pia. Nakala moja ibaki ufuoni, si ndani ya boti. Na mbele ya kwenda, piga simu kwa mutu mumoja: "Minapanda boti hii, saa hii, tuko watoto wawili na mimi." Hiyo simu haizuie upepo. Lakini kama kuna shida, kuna mutu atajua wa kumutafuta, na atajua ni wangapi.

Upepo hatuwezi kuufunga. Uzito, tunaweza kuuweka chini. Siku ukipanda tena, kaa, funga jile, na usisimame mupaka kamba ifungwe.